Namba Nne na Namba Tano

Kwanza tulizima friji. Haikuwa yangu, ilikuwa ya jirani. Mota yake ilikuwa ikiamka kila baada ya muda na kutia mlio mdogo, tak, kwenye waya za umeme tulizochangia, na mlio ule ukishaingia kwenye CD hautoki tena. Kwa hiyo nilimtuma mdogo wangu akapige hodi: "Shikamoo mama. Kaka anaomba friji mzime dakika ishirini." Mama yule hakuwahi kukataa. Aliizima, akaufunga mlango wake kwa kanga ili watoto wasije wakaufungua baridi ikatoka. Sisi huku tulifunga madirisha, tukazima feni, tukawafukuza kuku uani. Jasho lilianza kututiririka kabla noti moja haijapigwa.

Chumba chenyewe kilikuwa cha uani, Kikwajuni, mjini Unguja. Ndani mlikuwa na kinanda cha Yamaha, mikisa ndogo ya njia sita, maikrofoni mbili, na mashine ya kurekodi CD yenye ukubwa wa deki ya video. Kompyuta haikuwemo. Kuanzia mwaka 2001 nilirekodi taarab, kaswida na nyimbo za harusi katika chumba kile, na mpaka leo vijana wanaofanya kazi hiyo wananiuliza: sasa ukikosea ulikuwa unafanyaje? Ulikuwa unaanza upya. Wimbo wa dakika kumi na mbili, ukikosea dakika ya kumi na moja, unaanza upya.

Nililelewa kwenye kaseti. Wimbo wa taarab una mwendo wake: bashraf au kipande cha utangulizi, beti, kiitikio, vipande vya fidla katikati, tena beti. Haukubali kufupishwa ovyo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti kwenye santuri, upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu, na nyimbo ndefu zikabidi zikatwe. Kaseti ndiyo iliyoturudishia urefu wetu. Nusu saa upande mmoja, nusu saa upande wa pili, nyimbo mbili au tatu kila upande, na kila duka la Darajani lilikuwa na deki mbili zilizokuwa zikitoa nakala kuanzia asubuhi. Lakini nakala ya nakala ilikuwa ikipoteza kitu kila mara. Kaseti ya tano kutoka kwenye ya kwanza ilikuwa na mvumo kama mvua ya mbali juu ya bati, na fidla zilikuwa zimeshageuka pamba. Kanda ikikaa juani kwenye dashibodi ya daladala, sauti ya mwimbaji inaanza kuyumba. Nilikuwa nikisikiliza kaseti za hapo zamani za vikundi vyetu vikubwa na kuumia, kwa sababu nilijua watu wale hawakuimba vile. Hamu yangu ilitoka hapo. Nilitaka sauti itue mahali isichakae.

Kinanda aliniletea mjomba wangu kutoka Dubai. Kilikuwa cha aina ile ya PSR, chenye mdomo wa flopi upande wa kulia, na ndani yake kulikuwa na kila kitu nilichokuwa nikikihitaji na ambacho hakuna mtu mmoja wa mtaani angeweza kukimiliki: fidla, akodiani, kanuni ya kuigiza, besi, ngoma. Watu walidhani uzuri wa kinanda ni hizo sauti. Kwangu uzuri ulikuwa kumbukumbu yake. Kilikuwa na njia kumi na sita za kuandikia. Napiga besi peke yake mwanzo hadi mwisho wa wimbo, kinaikumbuka. Narudi mwanzo, naongeza ngoma juu yake. Narudi, fidla ya kwanza. Narudi, fidla ya pili inayojibu. Nikimaliza nina kundi zima ndani ya kitu kimoja, na kazi yote naihifadhi kwenye flopi ya megabaiti 1.44 inayoingia mfuko wa shati. Inawezekana kwa sababu flopi ile haina sauti ndani yake. Ina maagizo tu: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, achia sasa. Sauti inatoka kinandani papo hapo, kila mara mpya, kama wapigaji wanaosoma karatasi.

Mipaka ilikuwepo. Kinanda kile kiliweza kutoa noti 64 kwa wakati mmoja, zikizidi kinaacha zile za zamani zizimike. Masikio ya mtu mwingine yasingegundua, lakini nilikuwa nasikia fidla ya pili inavyopotea nikiongeza akodiani ya mikono miwili. Nikajifunza kupanga kama fundi wa mbao anayepima ubao kabla ya kukata: hapa fidla inyamaze, hapa kanuni iingie, zisikanyagane. Nadhani hilo lilinifunza upangaji wa taarab kuliko mtu yeyote, isipokuwa Maalim.

Maalim alikuwa mzee mpiga kanuni. Mara ya kwanza kusikia kinanda changu alikaa kimya mpaka wimbo ukaisha, akaniambia: "Mwanangu, umepiga vizuri, lakini hii si bayati." Alikuwa na haki. Katika mpangilio wa noti uitwao bayati, unaoanzia re, ile mi si mi ya piano wala si mi ya kushushwa nusu. Inakaa baina yao, na mtu aliyelelewa na Kurani na taarab anaijua kwa mwili hata kama haijui kwa jina. Kinanda changu kilikuwa na ukurasa wa kurekebisha kila noti kwa senti, senti mia moja zikiwa ni nusu toni. Nikaishusha mi kwa 50, nikampigia. Akatikisa kichwa. "Hiyo ya rasti. Ya bayati iko chini kidogo." Tulikaa jioni nzima, yeye akiimba, mimi nikishusha senti mbili mbili, mpaka akafumba macho na kusema, "Hapo hapo, usiguse." Niliandika namba ile ukutani kwa penseli. Mwaka 2002 kilipofunguliwa chuo cha muziki wa nchi za jahazi pale Forodhani, katika jengo la zamani la forodha, nilifurahi mno, kwani niliona vijana watapata kukaa na wazee kama yeye bila kungojea bahati kama yangu.

Sasa mashine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 makampuni kama Philips na Pioneer yalianza kuuza mashine za nyumbani za kurekodi CD, zinazokaa kwenye kabati pamoja na redio, zisizohitaji kompyuta. Yangu ilikuja na mjomba yule yule, imeshatumika, ndani ya blanketi. Nyuma yake ilikuwa na matundu mawili ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe, na mawili ya kutolea. Mbele ilikuwa na mlango wa sinia, kioo kidogo cha namba, kitasa cha kupimia sauti, na kitufe chekundu. Nilikigusa kitufe kile kwa heshima kwa muda wa miaka saba.

CD zake zilikuwa taabu. Mashine za nyumbani zilikubali CD zilizotengenezwa maalumu kwa muziki tu, zenye alama yake iliyoandikwa kiwandani. Ukitia CD tupu ya kawaida, ile ya kompyuta, mashine inaisoma kidogo na kuitema. Za muziki zilikuwa ghali zaidi, na Darajani hazikupatikana. Kila mtu wa mtaa aliyekwenda Dubai nilimwomba aniletee kumi. Mimi na CD zangu tulikuwa kama mtu na maji ya mtungi wakati wa kiangazi: naijua idadi yake kila siku. Ziko tisa. Ziko saba. Na zilikuwa za kuandikwa mara moja tu. Mwanga wa leza unaunguza rangi iliyomo ndani ya CD, na kilichoungua hakiunguliki upya. Zilikuwepo nyingine za kufutika, nilikuwa nayo moja ya kufanyia majaribio, lakini hairudishi mwanga vizuri kama ile ya kuandikwa mara moja, na CD pleya nyingi za zamani za majumbani zilishindwa kuisoma. Mtu hawezi kumpelekea bwana harusi kitu ambacho redio yake haikitambui.

Kuunganisha ndiko kulikonila miezi miwili ya mwanzo. Kinanda kina matundu mawili nyuma, la kushoto na la kulia, ya plagi nene. Kutoka hapo waya mbili zinaingia mikisa, na kutoka mikisa mbili nyembamba zinaingia mashine. Jambo rahisi, lakini nilipowasha nikasikia mvumo mzito, mmmm, chini ya kila kitu. Nilibadili waya, nikabadili mikisa. Mwisho fundi mmoja wa redio wa Mlandege aliingia chumbani, akatazama ukuta, hakugusa chombo chochote. "Kinanda umekichomeka huku na mashine kule. Vichomeke vyote mahali pamoja." Nikavitia vyote kwenye ekstensheni moja, mvumo ukafa. Sababu ni kwamba vyombo viwili vikishika ardhi mahali tofauti, umeme mdogo unazunguka baina yao kupitia waya wa sauti, na mzunguko ule ndio unaouma. Hakunitoza pesa. Alikunywa kahawa, akaondoka.

Kiasi cha sauti kilikuwa somo jingine. Kwenye kaseti tulizoea kusukuma. Mshale ukiingia kwenye nyekundu sauti inanenepa, wengine walipenda hivyo. Mashine ya CD haina huruma hiyo. Inaipima sauti mara 44,100 kila sekunde na kuiandika kwa namba, na namba ina kikomo: ikifika sifuri ya juu, hakuna pengine pa kwenda, wimbi linakatwa kichwa na unasikia mpasuko kama ukucha kwenye kioo. Wimbo wangu wa kwanza mzima uliharibika kwa mpasuko mmoja tu, pale waitikiaji walipoingia kwa nguvu. Tangu hapo nilikuwa naacha nafasi. Nawapigisha sehemu yenye kelele kuliko zote kwanza, natazama taa, nashusha kitasa mpaka taa ya juu kabisa isiwake hata mara moja, kisha naweka kipande cha plasta juu ya kitasa mtu asikiguse.

Na waitikiaji niliwapanga kwa miguu. Maikrofoni moja ilikuwa ya mwimbaji, moja ya waitikiaji wanne. Kwa vile kila kitu kiliingia pamoja kwenye njia mbili tu, kushoto na kulia, hapakuwa na baadaye ya kusema huyu ameshinda, mpunguze. Mwenye sauti kali alisimama karibu na mlango, mwenye sauti ndogo nusu hatua kutoka kwenye maiki, na nilichora alama za chaki sakafuni. Tulifanya mazoezi siku tatu kwa ajili ya dakika kumi na mbili. Kisha nabonyeza kitufe chekundu, mashine inachukua sekunde chache kuijaribu CD kwa leza yake, inasimama tayari, nahesabu kwa vidole, naachia. Kuanzia hapo hakuna aliyekohoa. Nimewahi kumwona kijana ana mbu shavuni kwa beti zima bila kuinua mkono.

Ukimaliza nyimbo zote unaifunga CD. Mpaka uifunge, hakuna pleya nyingine itakayoisoma, kwa sababu haina orodha ya kuonyesha wimbo gani unaanzia wapi. Unabonyeza, mashine inaandika orodha ile, inachukua dakika mbili na zaidi, na katika dakika hizo umeme ukikatika, kazi ya wiki inaweza kwenda. Nilikuwa nakaa karibu yake nikisoma chochote nilichohifadhi.

Nafika kwa Bibi.

Alikuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ujanani aliimba katika vikundi vya kina mama, kisha akaacha alipoolewa mara ya pili, na sauti yake ikabaki ya kufulia nguo na kubembeleza wajukuu. Tulikuwa tunaisikia dirishani. Haikuwa sauti nzuri kwa maana ya siku zile, ilikuwa na mkwaruzo, lakini alijua kuliweka neno. Mwaka 2004 nilikwenda kumwomba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na jambo, naona umevaa."

Nikamweleza. Akasikiliza akiendelea kupembua mchele. "Siti alipanda meli mpaka Bombay," akasema. "Wewe Bombay umeitia chumbani kwa mama yako?" Nikamwambia ndiyo, na feni tutaizima, kwa hiyo litakuwepo joto. Akasema joto si kitu.

Aliniimbia nyimbo tano mazoezini ili nizipange kinandani. Nilifanya kazi wiki mbili, besi, ngoma, fidla mbili, kila kitu kwenye flopi, kazi niliyojivunia. Siku alipokuja kuimba juu yake, haikwenda. Nyimbo nne alizimudu kwa taabu. Ya tano, ambayo ndiyo tuliyokuwa tukiitaka, ilikataa kabisa. Kinanda kilikwenda na mwendo wake ule ule, kila kipigo mahali pake, na Bibi alikuwa akilingoja neno liive. Alipokuwa anasita kidogo kabla ya kina cha mwisho, ngoma zilikuwa zimeshapita. Akakimbia kuzifuata, na alipokimbia wimbo ukafa mdomoni mwake. Tukajaribu mara ya pili na ya tatu. Akaniuliza, bila hasira: "Huyu mpiga ngoma wako haniangalii?"

Sijasahau swali lile. Wapigaji wa taarab wanamtazama mwimbaji. Mpiga fidla anaona kifua kikipanda, anajua pumzi inakuja, anavuta upinde. Nilikuwa nimemweka Bibi mbele ya watu kumi na wawili wasio na macho.

Nikazima njia zote kumi na sita. Ngoma, besi, fidla, kazi ya wiki mbili. Nikabaki na sauti ya kanuni mkono wa kulia na fidla laini mkono wa kushoto, mi imeshushwa kwa namba ile ya ukutani, na nikageuza kiti nimwone Bibi badala ya kuona kioo cha kinanda. CD zilikuwa zimebaki tatu. Jirani alikuwa ameshazima friji mara mbili jioni ile na sikuwa na uso wa kumwomba mara ya tatu. Nyimbo tatu za mwanzo zilikuwa zimeshaingia kwenye CD iliyomo mashineni, na ya nne kwa mpango ilikuwa hii.

Nikaachia kitufe. Nikapiga taksimu fupi ya kufungulia wimbo, Bibi akaingia.

Beti la kwanza aliimba karibu kama anasema. La pili akapanda. Mwisho wa beti la pili akainua mkono, kiganja kwangu, kama mama anavyomzuia mtoto barabarani, na akanyamaza. Nikainua mikono yangu yote miwili. Chumba kikawa kimya kabisa. Nilimwona akishusha pumzi mabega yakatua, akatazama chini, akangoja. Sijui ilikuwa sekunde nne au tano. Kisha akaliingia beti la tatu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, wala kwa mtu mwingine, na mimi nikamfuata nyuma kwa noti moja moja.

Hapo nikatupa jicho kwenye mashine. Kioo kilikuwa kimeandika 5.

Mashine zile zilikuwa na utaratibu wa kuhesabu nyimbo zenyewe: zikisikia kimya cha sekunde mbili tatu, na sauti ikarudi, zinadhani wimbo mpya umeanza na kuupa namba mpya. Kwa taarab nilikuwa naufunga utaratibu ule daima, naweka namba kwa mkono, kwa sababu nyimbo zetu zina vituo. Siku moja kabla nilikuwa nimerekodi kaswida za skuli, fupi fupi, nikaufungua uniokolee kazi. Sikuurudisha. Kama ngoma zangu zingekuwemo, kimya kisingekuwepo na namba isingebadilika. Nilikaa pale nikipiga, macho ya Bibi yamefumba, namba tano ikiwaka, na sikuwa na la kufanya. Kusimamisha ilikuwa kumuua. Nikaendelea mpaka mwisho.

Alipomaliza akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Imeingia?"

"Imeingia, Bibi."

"Basi sirudii. Hiyo nimeitoa."

Sikumwomba arudie. Tulirekodi wimbo uliobaki, ukawa namba sita, nikaifunga CD, umeme ukakaa. Nyimbo tano, namba sita. Juu yake niliandika kwa maka peni ya wino laini, kwani kalamu ya kawaida hukwaruza upande ule ambao kumbe ndio dhaifu. Sauti imelala chini ya rangi ya juu, karibu zaidi na jina kuliko na upande unaong'aa.

Nakala nilizitoa kwa kuunganisha pleya na mashine kwa waya zile zile nyekundu na nyeupe. Kwa waya wa dijitali mashine iliruhusu kizazi kimoja tu: nakala ikishatoka hivyo inabeba alama isiyosikika, na alama ile inakataza nakala ya nakala. Kwa waya wa kawaida hakuna katazo, ila unapoteza kidogo na unangoja muda wote wa muziki. CD ya Bibi ilikuwa dakika 52. Nilitoa nakala kumi na nne, kila moja dakika 52, na kila mara nilikaa chumbani maana nilikuwa nikibadilisha namba za nyimbo kwa mkono. Niliweza kuiunganisha ile namba nne na tano iwe moja kwenye nakala. Ilikuwa ni kutobonyeza tu. Nakala nyingine nilizifanya hivyo. Lakini moja, ya kwanza kabisa, nilitoa kwa waya wa dijitali bila kufikiri, nayo ilikopi namba kama zilivyo, na hiyo ndiyo iliyokwenda kwa kijana aliyekuwa akipiga muziki kwenye harusi za Kikwajuni, Kisiwandui na Michenzani.

Kijana yule alisikiliza mwanzo wa kila namba, kama wafanyavyo wapiga muziki wa harusi. Namba nne inaanza polepole, kanuni peke yake, mwanamke anayezungumza. Namba tano inaanza na sauti ile. Akachagua namba tano. Siku ya kupamba bibi arusi akaiweka, kina mama wakanyanyuka na noti za pesa mkononi kutunza, na hapakuwa na mwimbaji wa kumtunza, wakazitupia spika. Baada ya miezi michache nikaanza kuusikia wimbo ule kwenye kaseti za Darajani, kutoka kwenye CD yake, kuanzia beti la tatu. Wasichana wanaokwenda madrasa walikuwa wakiuimba njiani kuanzia beti la tatu. Kwao huo ndio mwanzo.

Nilikwenda kumwambia Bibi kwa aibu. Nilimweleza habari ya namba, na kimya, na mashine. Alicheka kidogo, akasema: "Wanaanzia pale niliposhusha pumzi." Hakusema zaidi, na akaniuliza kama mama yangu amepata nafuu ya goti.

Mashine ilifanya kazi mpaka Mei 2008, umeme wa Unguja ulipokatika kisiwa kizima kwa sababu ya waya wa chini ya bahari kutoka Bara, tukakaa gizani karibu mwezi. Uliporudi, mashine iliwaka lakini leza haikuandika tena. Kila CD iliisoma, ikafikiri, ikaitema. Huenda ilikuwa imechoka kabla ya hapo. Wakati ule kijana wa mtaa wa pili alikuwa na kompyuta, na kazi ikahamia kwake. Anaifanya vizuri, na napenda kusema hivyo. Bado napiga kinanda kwake. CD za asili ninazo kwenye sanduku la bati, mbali na jua, na mbili tatu zimeanza kukatika katika mwishoni, sehemu za ukingoni ambako unyevu huingilia. Ya Bibi inasomeka.

Alifariki mwaka 2011. Kama miaka minne baadaye mjukuu wake aliolewa, na wakaniomba nipige, kinanda peke yake, bila kundi, ndani ya ukumbi mdogo wa kina mama, mimi nimekaa nyuma ya pazia. Shangazi wa bibi arusi alipitisha kichwa pembeni ya pazia: "Wanautaka wa Bibi." Sikutia flopi. Nikaishusha mi, nikaanza tangu taksimu, kisha nikapiga beti la kwanza kwa mkono wa kulia, noti kwa noti kama alivyokuwa akiliweka. Ukumbi ukaendelea kuzungumza; hawakuujua mwanzo ule. Nikapiga la pili. Nikafika mwisho wake, nikainua mikono yote miwili.

Wakaingia wote.